Ombi la Kumpunguzia Mume Wangu Alama za Kusimama

Mhunze, Kishapu
Jumanne, 17 Juni 2025
Asubuhi kuna baridi ya kipupwe, upepo wenye vumbi, mbingu haina hata wingu moja.

Kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: MZEE MADUHU KUPEWA ALAMA NYINGI KULIKO MAHITAJI YAKE

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, nitaipokea yako siku nitakayofika ofisini kwako. Hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa kwa haya ninayokuandikia.

Mimi ni Sesilia, Mama Evelina, mke wa Mzee Maduhu, aliyepatwa na kiharusi wakati wa kupanda pamba na kuletwa kwenu akiwa upande wake wa kushoto hauna habari naye. Nalalamikia chumba chenu cha mazoezi, na hasa kipimo cha kusimama na kutembea wanachopimwa wagonjwa wa kiharusi na kijana wenu Mwita, mtaalamu wa fiziotherapia. Sina ugomvi na Mwita. Ana adabu, humsalimia mgonjwa kabla ya kumshika, na sijamsikia akimpigia mtu kelele. Lakini Mwita ni mtu wa Tarime, na wewe nasikia umehamia kutoka Songea, hivyo yawezekana hakuna aliyewaeleza mlichokianzisha.

Niwaeleze mimi. Sisi Wasukuma tuna vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno vyama hivi hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila kimoja na duara lake, na jaji hayupo. Jaji ni watazamaji. Duara litakalovuta watu wengi limeshinda. Duara litakalobaki na wapiga ngoma wake na mbwa wawili limeshindwa, na litaimbwa kwa dhihaka mpaka mavuno mengine. Mume wangu ni manju wa Bagalu, yaani ndiye anayetunga na kuimbisha. Manju wa Bagika ni Mzee Ignas, anayekaa ng'ambo ya korongo la mchanga lililo nyuma ya nyumba yetu. Wamepingana tangu ujana wao, walipokuwa bado wanafungwa njuga miguuni na mama zao. Mwaka huu hawakuweza kukutana uwanjani kwa sababu Mzee Ignas naye alipatwa na kiharusi, muda mfupi baada ya mume wangu, na upande uleule wa kushoto. Bagalu walisema ameiga.

Ninyi mkawapangia kliniki siku moja, Alhamisi. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Mlifungua mashindano bila kuwaarifu wazee wa vyama.

Alhamisi ya kwanza Mwita alimpima mume wangu kila kitendo: kuinuka kitini bila kushika popote, kusimama amefumba macho, kunyoosha mkono mbele bila kuanguka, kuokota kiatu sakafuni, kugeuka mzunguko mzima, kupandisha miguu kwa zamu juu ya kigoda, kusimama kwa mguu mmoja. Kila kitendo kina alama zisizozidi nne, na zote zikijaa ni hamsini na sita. Mume wangu alipata ishirini na tisa.

Tangu augue alikuwa hajauliza kitu chochote. Hata chakula kisipokuwa na chumvi alikula akanyamaza. Siku hiyo aliuliza, kwa ulimi mzito, "Na yule?" akionyesha kwa kidevu mlango ambao Mzee Ignas alikuwa ametoka muda si mrefu.

Mwita akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, alama za mgonjwa mwingine ni siri."

Mganga Mfawidhi, huwezi kumwambia manju kwamba habari za mpinzani wake ni siri, halafu utegemee ashike dawa zake aende nyumbani. Isitoshe siri yenyewe ilikuwa kwenye korido, imekaa kwenye benchi, inamwambia kila anayepita, "Thelathini. Mie nimepata thelathini. Muulizeni aliyeko ndani."

2. Mnapuuza watazamaji.

Alhamisi iliyofuata walikuja watu. Chumba chenu cha mazoezi kina madirisha mawili, moja upande wa maabara na jingine upande wa jikoni. Bagalu walichukua la maabara, Bagika la jikoni. Kila upande ulimtazama mtu wake, na mmoja alipofanya jambo zuri, watu walitoka dirisha moja wakazunguka jengo kwenda jingine, kama inavyotakiwa. Mlinzi wenu alidhani wanakimbia moto.

Siku hiyo dirisha la Bagika lilibakiwa na mama mmoja tu mwenye mtoto mgongoni, naye alikuwa anatafuta chumba cha chanjo. Kwa hesabu yoyote ya halali Mzee Ignas alikuwa ameshindwa vibaya. Lakini Mwita, ambaye hakuinua kichwa kutazama dirishani hata mara moja, alimwandikia Mzee Ignas alama nyingi kuliko za mume wangu. Jambo la namna hiyo halijawahi kutokea Usukumani. Nimeandika kwenye shajara yangu kwamba lilitokea mbele ya macho yangu, nisije nikaambiwa nimeota.

3. Mnamkata alama mtu kwa kugeuka vizuri.

Kitendo cha kugeuka mzunguko mzima kina saa. Ukichelewa unakatwa. Mume wangu aligeuka polepole, bega likitangulia, kidevu juu, macho yakipita kwenye madirisha yote mawili, na alipomaliza alitulia kidogo kabla ya kushusha mkono. Mwita akamkata.

Nikamwambia, "Mwanangu, manju hageuki kama mtu aliyeitwa dukani. Anageuka ili aonekane."

Akanijibu, "Mama, kipimo hiki ni sanifu. Mgonjwa awe Mhunze, awe Dar es Salaam, awe nje ya nchi, anafanya kitendo kilekile, kwa namna ileile."

Nikamuuliza hao wa nje ya nchi wanakimbilia wapi. Alicheka sana, lakini alama hakuongeza.

4. Kiti chenu kina mashaka.

Unajua, au sasa ujue, kwamba ngoma zetu zina dawa zake, za kuvuta watu na za kuwapoteza wapinzani. Alhamisi moja Bagika walinusa kiti cha kupimia wakasema kimewekwa kitu. Harufu ilikuwepo kweli, mimi mwenyewe niliisikia. Baadaye dada wa usafi alisema ni dawa ya kudekia, lakini nani angemsadiki, ilhali shemeji yake ni Mgalu?

Alhamisi iliyofuata Bagika walikuja na kiti chao kutoka nyumbani, wamekifunga nyuma ya pikipiki. Mwita akakikataa. Alisema kiti lazima kiwe na kimo kilekile siku zote, vinginevyo alama hazilinganishwi. Bagika wakasema, "Unaona? Anakitetea kiti." Mzee Ignas akakaa kwenye kiti cha hospitali kwa shingo upande, baada ya kukizunguka na kukipuliza. Aliinuka bila kushika popote, kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakutaka mkono wake ukiguse. Mwita akampa alama zote nne akampongeza. Mimi nauliza: je, kipimo chenu kinatofautisha aliyepata nguvu na aliyeogopa kiti? Mwita alisema hakitofautishi, na kwamba yeye binafsi hajali.

5. Mnaruhusu nyimbo za kashfa wakati wa matibabu.

Mzee Ignas alianza kuimba akiwa anatembea kati ya fito mbili za kushikilia. Aliimba kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili ni kama kusema, "Mguu wa kushoto wa Maduhu umeomba likizo, tajiri yake hajui utarudi lini." Mwita, asiyejua Kisukuma, alidhani ni wimbo wa kanisani. Akamwambia, "Vizuri sana mzee, endelea kuimba, hatua zako zinakaa sawa ukiimba." Korido nzima ikacheka. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, anasubiri zamu, na kila mtu alimtazama ule mguu.

Wiki ile yote alikaa nyuma ya nyumba akitikisa midomo. Nilidhani anasali, nikafurahi. Alhamisi ilipofika, Mwita alimwambia asimame kwa mguu mmoja, wowote anaoupenda. Akachagua wa kushoto. Mwita akamsogelea amdake, naye akamzuia kwa kiganja. Akasimama, akayumba, akatulia, na mdomo wake uliopinda ukaimba ubeti mzima: "Ignas alikuja hospitali kuniangalia, akapenda kitanda, akahamia."

Watu wa madirisha yote mawili walishangaa kwanza kwamba maneno yote yametoka. Kisha dirisha la Bagika likahama lote, pamoja na shemeji zake Ignas. Mwenyewe Ignas alicheka mpaka akalazimika kushikwa, na Mwita akasema kucheka hakumo kwenye kipimo.

Naliweka hili kuwa lalamiko kwa sababu mume wangu alikuwa hajatamka sentensi ndefu tangu wakati wa kupanda, na sentensi ya kwanza hospitali ikaruhusu iwe ya kashfa. Mimi ndiye ninayempikia na kumfunga vifungo. Ningependa kutajwa.

6. Mmemponya bila kunishauri.

Hili ndilo kubwa, Mganga Mfawidhi, na mengine yote ningeweza kuyasamehe.

Mwezi uliopita mume wangu alipata hamsini. Mzee Ignas alipata arobaini na moja. Kumbe utaratibu wenu ni kwamba anayevuka arobaini na tano amefuzu, hana tena haja ya kuja, nafasi yake apewe mgonjwa mwingine. Mwita alimpa mkono, akamwambia, "Wabeja sana, mzee," yaani asante, neno pekee la Kisukuma alilokwisha kujifunza, na wote tukapiga makofi. Tukarudi nyumbani tukachinja kuku.

Alhamisi iliyofuata mume wangu aliamka, akaoga, akavaa shati la kliniki, akakaa. Nikamkumbusha kwamba amefuzu. Akasema, "Ehe." Tangu siku hiyo hajatoka kwenye kiti chake cha kamba kando ya ghala, ameelekea ukutani. Mazoezi ameacha. Nikimwambia ainuke tufanye yale ya kigoda, ananiuliza, "Ya kumwonyesha nani?" Nikimwambia anionyeshe mimi, anasema mimi nimeshamwona. Mchana anasema maneno mawili, jioni neno moja. Na ule mguu wa kushoto umeanza tena kuburuza. Nausikia mchangani anapokwenda msalani, na nikiusikia huacha ninachofanya.

Binti yetu Evelina, anayepika katika kantini ya wafanyakazi kule Bugarama, alipiga simu Jumapili. Akasema, "Mama, si baba amepona?" Nikamwambia amepona, na hilo ndilo tatizo.

Tazama mlivyofanya. Aliyeshinda mmemrudisha nyumbani akaangalie ukuta. Aliyeshindwa bila shaka anaendelea kuja kila Alhamisi, anapata madirisha mawili yote peke yake, anaimba atakavyo na hakuna wa kumjibu. Kwa mila zetu mshindi hupewa ng'ombe. Kwenu hupewa kiti cha kamba.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa mpangilio, ukishindwa la kwanza uende la pili.

(a) Mume wangu apunguziwe alama mpaka arudi chini ya arobaini na tano, na awekwe tena kwenye daftari la Alhamisi. Mnaweza kuanza na ile ya kugeuka, ambayo mmeshazoea kuikata.

(b) Kama alama zikishaandikwa hazifutwi, basi Mzee Ignas aongezewe hata kama hazistahili, naye afuzu, naye aangalie ukuta wa kwake. Haitamsaidia mtu yeyote, lakini itakuwa haki.

(c) Kama hilo nalo ni kinyume cha maadili, basi kipimo kiondolewe ukomo. Nani aliamua kwamba mtu akifika hamsini na sita hapana mahali pa kwenda? Ongezeni vitendo. Kusimama huku mpinzani anakutukana. Kuvuka korongo la mchanga. Kubeba ngoma kubwa bila kuiangusha mbele ya wakwe. Hapa kwetu vitendo havitaisha mpaka mtu afe, na ndivyo inavyopasa.

(d) Na kama sheria inasema wazi kwamba anayehudhuria kliniki lazima awe mgonjwa, basi naomba utaratibu wa kumrudishia ugonjwa kidogo. Sisemi kiharusi chote. Kisigino na vidole viwili vinatosha. Avichukue Alhamisi asubuhi mapokezi, ajiburuze navyo mpaka chumba cha mazoezi, na jioni avirudishe vikiwa salama. Mimi nitasaini.

Najua maombi haya si ya kawaida. Lakini ninyi mmesoma, na mlimtoa mume wangu kitandani kwa kiatu, kigoda na saa ya mkononi. Waliofanya hilo hawawezi kushindwa kumtoa kwenye kiti cha kamba.

Ninaishia hapa kwa kuwa ukurasa umeisha na ng'ombe wa jirani wameingia kwenye pamba. Nasubiri jibu lako kwa heshima zote.

Nisalimie wauguzi wote wa zamu ya asubuhi. Msalimie mlinzi, mwambie hapakuwa na moto. Msalimie dada wa usafi, na yule mama wa chanjo kama alifika. Mwita usimsalimie mpaka hili liishe, halafu msalimie sana.

Wako katika kungoja,
Sesilia, Mama Evelina

Nyongeza. Jumatano, 18 Juni. Asubuhi upepo umetulia, baridi bado ipo.

Mganga Mfawidhi, jana nilipomaliza kufunga bahasha nilitoka nje nikakuta kiti cha kamba kitupu. Fimbo haipo, mtu hayupo. Nikafuata nyayo. Zilishuka kwenye korongo, mguu wa kulia wazi, wa kushoto umechora mstari, na katikati ya mchanga mwingi, mahali ambapo hata mimi huzama, mstari ukakoma zikawa nyayo mbili kamili. Nilisimama nikazitazama kwa muda kabla ya kuendelea.

Nilimkuta uani kwa Mzee Ignas. Nilikuandikia kwamba Mzee Ignas anaendelea kuja kliniki. Nilikosea. Hajaja tangu mume wangu afuzu. Mkewe, Mama Philomena, aliniambia mumewe alikuwa amelala kwenye mkeka kila Alhamisi, na akimwambia wajiandae anamjibu, "Niende nikamshinde nani?" Mama huyo alikuwa anajiandaa kuja kwangu kuniomba ushauri. Habari hiyo mume wangu aliipata juzi kutoka kwa vijana wa mashine ya kusaga, akakaa nayo kimya siku nzima, ndipo akavuka.

Niliwasikia kabla sijawaona.

"Inuka, Ignas. Sitaki watu waseme nilimshinda mgonjwa."

"Niinue basi, wewe mzima."

"Sikuinui."

"Basi nenda kwenu."

"Siendi. Utaniangalia hapa mpaka uchoke."

Tuliondoka jua linazama, na Mzee Ignas alikuwa amesimama ameshika nguzo ya jiko la mkewe, anamtukana mume wangu kwa majina ya babu zake, na mume wangu anamrekebisha matamshi. Kesho wanakuja kliniki wote wawili, mmoja kama mgonjwa na mwingine kama msindikizaji. Ni msindikizaji gani atakuwa, sitaki kukuficha: atakaa karibu, atasema sana, na atahesabu alama za Mwita kwa sauti. Mvumilieni.

Kwa hiyo usimpunguzie alama hata moja. Anazihitaji zote kuvukia korongo, kwenda na kurudi. Maombi yote ya juu, kuanzia (a) mpaka (d), yafute, na la kisigino nakuomba ulifute kwa wino mzito.

Barua hii utaletewa na yeye mwenyewe, kwani ndiye anayekuja huko na hakuna sababu ya kulipa nauli mara mbili. Hatajua iliyomo. Hawezi kusoma bila miwani, na miwani nimeificha kwenye pipa la mtama mpaka atakaporudi. Akiitafuta usimwambie.

Jana nililala saa tatu na nusu, sikusikiliza mguu wa mtu.